Usiku wa nyota mtaani kwa darubini moja: mwongozo kamili kwa walioshindwa mara ya kwanza

Walioujaribu ushauri wangu wa kuwaalika majirani watazame mwezi na nyota kwa darubini moja wananirudia na malalamiko yaleyale matatu. "Tulipanda juu, tukaona mwezi mweupe pe, basi." "Darubini haionyeshi kitu, giza tupu." Na la tatu, linaloniuma zaidi: "Watu walikuja mara moja, hawakurudi."

Mimi nilianza vibaya kuliko wote. Nilirusha tangazo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, lenye watu 140, nikapata vidole gumba 31. Usiku ulipofika walikuja watatu, mmoja wao akiwa amekuja kuulizia mchango wa pampu ya maji. Mwezi ulikuwa umejaa, unawaka kama taa ya uwanja wa mpira. Nikawahutubia dakika arobaini nzima kuhusu sayari. Wakaaga kwa adabu, na kwa wiki mbili zilizofuata wakawa wananisalimia kwa haraka, wasije wakaalikwa tena.

Basi haya ni kwa mtu wa Tabata, Kimara au mtaa mwingine kama huo, aliyekaa miaka miwili akipeana "habari za asubuhi" na majirani ambao hajui hata majina yao. Nyota ni kisingizio cha kukutana. Ila kisingizio nacho lazima kifanye kazi: usipomwonyesha mtu kitu cha kweli, harudi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumwalika mtu

Darubini ya macho mawili, 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo kipana kinakusanya mwanga mwingi, na usiku unachohitaji ni mwanga. Achana na zilizoandikwa 30x au 60x zenye vioo vidogo: mkono ukitikisika kidogo, nyota inaruka kama kiroboto. Achana pia, kwa sasa, na zile za bomba refu zenye miguu mitatu ya plastiki. Ndizo zinazokatisha watu tamaa.

Fagio la mpini mrefu au mopu. Si utani. Litakuwa stendi yako.

Programu ya anga kwenye simu. Mimi natumia Stellarium, ina toleo la bure. Ipakue ukiwa na bando na uifungue mara moja nyumbani kabla ya siku yenyewe.

Kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Ile ya kutundika ukutani inatosha.

Tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu. Mfuko mwekundu ukikunjwa mara mbili na kufungwa kwa mpira, kazi imekwisha.

Ongeza jamvi au mkeka, viti viwili kwa ajili ya wazee, dawa ya mbu, chupa ya chai au kahawa, na kapu moja tupu. Kapu nitalieleza mbele.

## Hatua ya 1: Chagua usiku kwa kuangalia mwezi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachagua Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi, au wanachagua mbalamwezi kwa sababu ni nzuri. Mbalamwezi ni nzuri kwa kucheza na kupiga soga, kwa darubini ni mbaya. Mwezi ukijaa, jua linaupiga uso mzima, hakuna kivuli, na bila kivuli mashimo na milima yake haionekani. Unaona sahani nyeupe. Zaidi ya hapo, mwanga wake unafuta nyota zote za jirani.

Unachotaka ni nusu mwezi, ile robo ya kwanza. Hapo kuna mstari unaogawa upande wenye mwanga na upande wa giza, na kwenye mstari huo jua linaangaza kwa ubavu, vivuli vinarefuka, mashimo yanajitokeza kama alama za matone ya mvua kwenye mchanga mkavu.

Kwa kalenda ya Kiislamu, hizo ni tarehe 6 mpaka 9. Jua likizama unaukuta mwezi uko juu karibu na utosi, na hauzami mpaka kwenye saa sita usiku. Mnapata jioni nzima. Wavuvi hawahitaji kalenda: wakati wa maji mafu, bahari ikijaa na kupwa kidogo tu, mwezi ni nusu. Wakati wa bamvua, bahari ikijaa na kupwa sana, ama umejaa au haupo.

Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50. Ndiyo maana kuanzia tarehe 20 hivi jioni inakuwa ya giza, nzuri kwa nyota zenyewe. Lakini hiyo iache kwa mkutano wa tatu au wa nne. Mgeni wa mara ya kwanza mpe mwezi.

Majira nayo yana neno. Masika, Machi mpaka Mei, pwani yetu usijisumbue sana. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ni wakati mzuri, na Januari na Februari pia. Siku zote tangaza usiku miwili mfululizo: "Ijumaa, na wingu likitanda, Jumamosi."

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema, bila kutazama simu, mwezi utakuwa upande gani saa mbili usiku siku hiyo.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali

Usitafute giza la porini, hulipati Tabata. Tafuta mahali ambapo taa haikupigi machoni moja kwa moja. Taa ya ulinzi ya jirani ikiwa kero, funga kamba na utundike kanga mbili. Nimefanya hivyo mara nyingi na inafaa kuliko kwenda kumwomba mtu azime taa yake.

Ardhi ya mchanga au majani ni bora kuliko sakafu ya saruji. Usiielekeze darubini juu ya paa la bati lililopigwa jua mchana kutwa: joto linapanda, na picha inachezacheza kama unaitazama kupitia mvuke wa sufuria.

Onyo: paa la ghorofa lisilo na ukingo si mahali pa kualika watu gizani wakitazama juu. Hata kama ni lako.

Onyo la pili, na hili ni la mtaani hasa: mtu mwenye darubini usiku anatiliwa shaka. Kabla ya siku, mpitie mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, mweleze, na mwalike. Kisha uwe na kanuni moja isiyovunjwa: darubini inanyanyuliwa kutoka kifuani kwenda mbinguni, na inashushwa hivyohivyo. Haipitishwi kwenye madirisha ya watu hata kwa mzaha. Mzaha mmoja wa namna hiyo unatosha kumaliza jambo zima.

## Hatua ya 3: Jifunze peke yako, usiku miwili

Malalamiko ya "haionyeshi kitu" karibu yote yanatoka hapa. Darubini ni nzima, haijarekebishwa tu.

Kwanza, kunja au panua sehemu ya katikati mpaka uone duara moja. Ukiona maduara mawili, bado.

Pili, fumba jicho la kulia, tazama kwa la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka ukingo wa mwezi uwe mkali kama wembe. Kisha fumba la kushoto, tazama kwa la kulia, na safari hii zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Usiguse tena gurudumu la katikati. Wengi hawajui kwamba pete hiyo ipo, wanalaumu macho.

Tatu, mwenye miwani akunje ile mipira ya pembeni ya vioo, avae miwani yake na atazame hivyohivyo.

Nne, fagio. Kaa kwenye kiti, simamisha fagio mbele yako, kichwa cha fagio juu na mpini chini, lalisha darubini juu ya kichwa hicho. Mikono ikitulia, unaona vitu ambavyo dakika moja kabla havikuwepo.

Sasa simu. Simama mbali na geti la chuma na gari, maana chuma kinachanganya dira ya simu. Izungushe hewani kwa umbo la namba 8 mara chache, hakikisha mahali ulipo pamesomwa sawa, kisha ielekeze kwenye mwezi. Mwezi wa kwenye skrini ukikaa juu ya mwezi wa kweli, programu inasema kweli.

Tahadhari na maelekezo ya video za ng'ambo. Yanaanza na "tafuta nyota ya kaskazini". Ukiwa Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Utaitafuta mpaka asubuhi. Badala yake, Desemba mpaka Machi tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari, mkanda wa kundi la Orion. Zinachomoza karibu kabisa na mashariki halisi na kuzama magharibi halisi. Aprili mpaka Julai, tazama kusini, utaukuta Msalaba wa Kusini.

Umefanikiwa ukiweza kuupata mwezi kwa darubini ndani ya sekunde kumi, gizani, bila kuhangaika.

Onyo lisilo na mjadala: darubini haielekezwi kwenye jua. Si dakika, si sekunde. Inaunguza jicho, na jicho halirudi. Mchana iwe imefungwa mahali ambapo watoto hawafiki.

## Hatua ya 4: Panga vitu vitatu, usizidishe

Cha kwanza, mwezi. Cha pili, sayari moja kama ipo. Mshtarii (Jupiter) akiwa angani, darubini ya 10x50 iliyotulia juu ya fagio inaonyesha nukta ndogo pembeni yake, mpaka nne, zimejipanga mstari. Hiyo ni miezi yake, ileile aliyoiona Galileo Januari 1610. Watazame tena kesho yake, nukta zimehama. Kwa mtoto wa shule hakuna somo linaloshinda hilo.

Zohali (Saturn) msiahidi. Pete zake hazionekani kwa darubini hii, na ukisema zitaonekana, umeshapoteza watu.

Cha tatu, kitu ambacho wazee wanakijua kuliko wewe. Novemba mpaka Machi, chagua Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota (Pleiades). Kwa macho matupu watu wengi wanahesabu nyota sita, kwa darubini zinakuwa nyingi ghafla. Ukimwonyesha mzee aliyelima, kaa kimya umsikilize. Wapo wanaoshika bado ule usemi wa "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua", na watakwambia kwa nini jina lake limetoka kwenye kulima. Kipupwe, Kilimia kikiwa hakipo jioni, mtafute Nge, kundi la nyota (Scorpius): mkia uliopinda juu ya vichwa vyetu na nyota nyekundu kifuani.

## Hatua ya 5: Alika kwa mdomo, na kwa kazi

Kidole gumba kwenye WhatsApp hakimaanishi "nakuja". Kinamaanisha "nimeona". Piga hodi nyumba tano, zisizidi. Sema saa na sema kitu: "Mama, shikamoo. Jumamosi saa moja na nusu usiku nataka kukuonyesha mashimo ya mwezi pale uwanjani. Dakika kumi tu."

Halafu omba kitu kidogo. Mwenye jamvi alete jamvi. Anayeuza vitumbua mwagize vya kutosha, umlipe, na umwombe aje navyo mwenyewe. Kijana wa bodaboda mwambie unahitaji mtu mrefu wa kushika fagio. Mtu aliyeahidi jamvi anakuja hata akichoka, kwa sababu wenzake wataketi wapi?

Watu wanane wanatosha kwa darubini moja. Kumi na tano ni foleni ya zahanati.

Umefanikiwa kama angalau watatu wana kitu cha kubeba.

## Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Anza na kapu. Simu zote ndani, yako ikiwa ya kwanza. Macho yanahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na skrini moja inayowashwa inayarudisha nyuma. Wakati macho yanazoea, chai inamiminwa na watu wanaulizana majina. Kwa hiyo kapu lina kazi mbili, ingawa wageni unawatajia moja tu.

Nani aanze? Adabu inasema wazee. Mimi nawaweka wazee kwenye viti, nawapa chai, kisha namtanguliza mtoto wa miaka kumi hivi. Mtoto hupata haraka na haoni soni. Akishapiga kelele, mzee aliyekuwa anasema "aa, mimi nimeshauona mwezi miaka sabini" anasogeza kiti mwenyewe.

Sasa kanuni iliyobadilisha mambo yangu yote: aliyekwisha kuona ndiye anayemwonyesha anayefuata. Wewe mwonyeshe wa kwanza tu, halafu ondoka kwenye fagio. Ondoka kabisa, nenda kamimine chai.

Sababu yake nilikuja kuielewa usiku wa pili. Kijana wa bodaboda, ambaye kwa miaka miwili nilimsikia akisema "twende, bosi" na si zaidi, alikuwa ameshika mpini huku mama wa vitumbua akihangaika na vioo.

"Shusha kidogo, mama. Kidogo. Sasa kushoto."

"Sioni kitu, mwanangu, naona kope zangu."

"Sogeza jicho nyuma kidogo. Ee. Hapo, usipumue."

Kimya. Kisha: "Ala! Kumbe una makovu kama ya ndui!"

Wote tukacheka, na mama akakataa kutoka. Alipotoka, alimshika mkono mjumbe na kumwelekeza kwa maneno yaleyale: shusha, kushoto, sogeza jicho nyuma. Watu wawili wakitazama juu pamoja hawalazimiki kutazamana usoni, na mwenye haya anapata la kusema bila kulitafuta. Mimi na hotuba yangu ya dakika arobaini nilikuwa nimewanyang'anya hilo.

Maswali yatakuja. Jibu kwa ufupi, na usilolijua sema hujui, mtatafuta kesho. Mfano mmoja unaofaa ni nyota Sirius, ing'aayo kuliko nyota zote za usiku, ile iitwayo Shi'raa kwa Kiarabu na iliyotajwa katika Surat Najm. Mwanga wake unachukua kama miaka 8.6 kutufikia. Mtafute mtoto wa darasa la tatu umwambie: mwanga unaouona sasa uliondoka kule karibu na wakati ulipozaliwa. Kisha nyamaza, mwache mama yake aanze kuhesabu.

Kikipita kitu chenye mwanga mweupe usiomemeta, kinakata anga kwa dakika chache bila mlio, huenda ni setilaiti au kile kituo cha anga za juu cha kimataifa, kinachozunguka dunia kila dakika 90 hivi, kilomita kama 400 juu yetu. NASA hutoa ratiba za kukiona. Lakini usiujenge usiku wako juu yake.

Picha ziwe mwishoni. Toa simu kwenye kapu, bana kamera kwenye kioo kimoja cha darubini, gusa mwezi kwenye skrini na upunguze mwanga mpaka mashimo yaonekane. Mwache mgeni apige mwenyewe. Hiyo picha ndiyo itakayoingia kwenye kundi la mtaa saa nne usiku, na itaita watu kuliko tangazo lako.

Onyo: vile vitochi vya miale ya kijani msivielekeze angani, hasa mkiwa chini ya njia ya ndege kama Kipawa na Kiwalani. Vinampofusha rubani.

Funga wakati bado wanataka. Saa tatu na nusu inatosha.

Umefanikiwa ukiona watu wamesimama getini wanaongea baada ya darubini kurudi kwenye mfuko.

## Hatua ya 7: Mwezi unaofuata

Weka tarehe isiyohitaji kukumbushwa: kila tarehe 7 ya mwezi wa Kiislamu, au Jumamosi iliyo jirani nayo. Mwezi wenyewe unawakumbusha. Mtu akitoka dukani akauona nusu, anajua.

Mkutano wa pili uwe kwa mwingine. Hamisha uwanja, hamisha chai, na hamisha funguo za jambo lenyewe: mtu mwingine achague vitu vitatu. Atakosea. Usimsahihishe mbele ya watu.

Kwenye daftari andika tarehe, nani alikuja na nini kilionekana. Kurasa zangu nyingi zina neno "wingu". Moja inasema: "Wingu tangu saa kumi na mbili. Hakuna kilichoonekana. Watu 9." Walikula vitumbua vyote na wakamaliza suala la pampu ya maji.

## Ikikwama

*Picha ni mbili:* sehemu ya katikati haijakunjwa sawa. Kama imekunjwa na bado ni mbili, darubini ilianguka, vioo vimehama. Mpelekee fundi wa kamera, usifungue.

*Programu inaonyesha sayari ambayo haipo:* dira. Rudia ile namba 8, mbali na chuma. Au sayari iko chini ya upeo na hukuangalia mstari wa ardhi kwenye skrini.

*Umeme umekatika mtaa mzima:* pigeni makofi. Toeni viti nje upesi.

*Vioo vina madoa yanayofanana na utando wa buibui:* ni ukungu, ugonjwa wa vioo vyote vya pwani. Unyevu ukikaa kwenye mfuko uliofungwa kabatini, ukungu unaota. Weka ndani ya mfuko vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uitoe ipate hewa mara kwa mara. Dawa bora niliyoiona ni kuiazimisha. Yangu haijalala kabatini tangu kipupwe kilichopita, na sasa hivi, kama sikosei, iko nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa mama wa vitumbua.